Ukurasa wa Shukrani

Kila mwezi wa sita, shule zikifungwa, nyumba yangu yote inahama. Mke wangu anafundisha shule ya msingi hapa Handeni, na likizo yake ndiyo likizo yetu sote. Yeye anapanga nguo, binti yetu anapanga vitabu, na mimi nazunguka uani nikiuliza kama kuna kitu tumesahau, mpaka wananifukuza nikasubiri barabarani. Vitabu tunavibeba kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko. Mlimani mwezi huo ni manyunyu na ukungu, na mwaka mmoja begi la kitambaa lilitulowanishia vitabu vyote, vikavimba kama mikate. Makondakta wameizoea ile ndoo. Wananiuliza, "Mzee, leo umebeba mafuta au maneno?"

Tunafika Korogwe, tunakula, halafu tunapanda Dindira kwa mama mkwe wangu. Tunakaa wiki tatu. Kwa mtu kama mimi, wiki tatu mahali pamoja ni muda mrefu.

Niliacha shule kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza, na karo ilikuwa imelipwa. Lori la mahindi lilisimama karibu na shule kubadilisha gurudumu, nikataka kujua linakwenda wapi, nikapanda. Nilirudi nyumbani baada ya miezi minne. Tangu hapo nimekuwa utingo, nimekata mkonge, nimeshika fimbo ya wapima barabara, nimeuza miche ya michungwa, nimelinda ghala la pamba ambalo halikuwa na pamba. Kila nilipokaa niliuliza maswali mpaka nikaambiwa niondoke, au nikaondoka kabla sijaambiwa. Nilisoma chochote kilichopita mbele yangu: magazeti yaliyofungiwa vitumbua, maelezo ya dawa za kuogeshea ng'ombe, daftari za watoto wa watu. Halafu nikaanza kuandika, kwa sababu maswali yalikuwa yamenijaa na hapakuwa na wa kumwuliza. Mke wangu husema nilimwoa kwa sababu alikuwa na rafu ya vitabu chumbani. Namjibu kwamba zilikuwa rafu mbili.

Nikifika Dindira natulia, na anayenituliza ni mama mkwe. Lakini sijawahi kukaa naye tukatazamana.

Kwetu sisi mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Simpi mkono. Nikikutana naye njiani, mimi ndiye ninayeingia majanini apite. Jikoni kwake siingii, mbele yake sili, na tukisalimiana tunasalimiana kila mmoja akitazama upande wake, kama watu wawili wanaosubiri mabasi tofauti. Zaidi ya yote, jina lake halitoki kinywani mwangu. Mimi Mzigua, yeye Msambaa, na kwenye hili hatuhitaji kuelezana. Yeye pia hanitaji. Mimi ni "baba wa mjukuu wangu", au akiwa na furaha, "yule wa Handeni".

Basi tulipataje kuandika kitabu pamoja? Jiko lake limejengwa peke yake uani, la miti na udongo, na udongo umebanduka mahali pengi. Alasiri mvua ikinyesha anakaa humo na mke wangu na binti yangu, wanapukuchua maharage. Mimi naweka kigoda nje chini ya upenu, mgongo ukiwa ukutani, daftari gotini. Nikitaka kuuliza kitu namwambia binti yangu kwa sauti, kana kwamba bibi yake hayupo. Binti anamwuliza bibi. Bibi anamjibu binti. Maneno yanapita kwenye nyufa pamoja na moshi.

Bibi na mjukuu wanataniana, hiyo ni haki yao. Bibi anamwita "mke mwenzangu". Nakumbuka siku moja aliniambia, kupitia kwake, "Mke mwenzangu, mwambie aliyeko nje kalamu yake inakwaruza kama kuku anayetafuta mchwa. Inanitoa kwenye njia." Siku iliyofuata nilikuja na penseli. Akasema sasa anasikia nyayo za panya, lakini hao amewazoea.

Kwa namna hiyo, Juni baada ya Juni, alinipa hadithi za wanyama na mazimwi nilizozichapisha katika kitabu changu chembamba. Zikaisha. Tukaanza jambo lingine, nililolitaka kuliko yote: maisha yake. Alivyokuwa akishuka Korogwe kwa miguu, msichana, na iliki kichwani, katikati ya wanawake wakubwa waliokuwa wakimfundisha mahali pa kukanyaga. Mwaka wa njaa walipochimba mizizi. Siku chai ya kwanza ilipopandwa kwenye shamba ambalo wao walilijua kama msitu wa kuokotea kuni. Juni ya mwaka juzi ilipofika, alikuwa ameishia alipochumbiwa, akanyamaza, akasema tutaendelea. Mwanamke wa rika lake aliyebaki katika kitongoji kile ni yeye tu. Akifunga mdomo, hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Mdomo huo niliufunga mimi.

Kitabu cha hadithi kilichapwa Tanga mwezi wa tano mwaka huo. Mke wangu alikuwa ameupitia muswada wote kwa kalamu nyekundu, kama anavyosahihisha madaftari ya darasa la nne, na bila huruma zaidi. Nilikwenda nao mwenyewe. Mchapaji alihesabu kurasa, akaniambia kwamba kwa jinsi karatasi zinavyokunjwa, ukurasa mmoja mwanzoni utabaki mtupu, na nikitaka naweza kuweka chochote. Mtu mwingine angepiga simu nyumbani. Mimi siwezi kuona kitu kitupu nikakiacha. Nilisimama pale kwenye meza yake, nikaazima kalamu, nikaandika kwamba mwandishi anamshukuru mama mkwe wake, ambaye hadithi hizi zote ni zake. Nikaandika jina lake, la kwake na la baba yake, kama nilivyowahi kuliona kwenye kitambulisho chake.

Nisiseme kwamba nilisahau. Nilikumbuka vizuri. Nilisimama nikajadiliana na nafsi yangu, nikajiambia kwamba mwiko ni wa kinywa, na kinywa changu hakijasema kitu. Karatasi haina sauti. Tena ningemwibiaje mtu hadithi zake halafu nifiche jina lake? Nilijiona nimepata njia ambayo wazee hawakuifikiria. Nikatembea Tanga mjini siku nzima nikijipongeza.

Tulipofika Dindira nilikuwa na nakala ambazo hazijauzwa kwenye ndoo. Sikumwonyesha mke wangu ule ukurasa. Nilitaka ausikie akiwa na mama yake.

Alasiri ya pili mvua ikaanza, maharage yakaletwa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwapo, na majirani wawili waliokuja kujikinga wakaingizwa jikoni. Mimi kigodani kwangu. Mama mkwe akamwambia binti yangu asome hicho kitabu, watu wasikie kama yule wa Handeni hakumgeuza sungura kuwa fisi.

Nyumbani kwangu kitabu kinasomwa tangu jalada. Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo. Soma kila kitu, nawaambia, hata mahali kilipochapwa, kwa maana mtu aliyeacha shule hajui ni kipi cha kuruka. Binti yangu akasoma jalada. Akasoma jina la mji. Akafunua.

Nilielewa sekunde moja kabla yake. Nilitaka kugonga ukuta, na mkono ulikwishainuka, lakini ningekuwa nani wa kugonga jiko lake? Akasoma polepole kwa sauti yake nzuri ya darasani, "Mwandishi anamshukuru mama mkwe wake," na jina likafuata lote, la bibi na la baba wa bibi, likapita kwenye nyufa na kunipata pale nje.

Sauti ya maharage kudondoka kwenye ungo ilikoma.

"Hilo kaliandika nani?" mama mkwe aliuliza.

"Baba," alisema binti yangu, kwa fahari. Hakujua. Kwake ni jina la bibi, analitania kila siku.

 Nilisikia ungo ukiwekwa chini na mlango wa nyuma ukifunguliwa. Alipopita pembeni mwa jiko alikuwa amejifunika kanga kichwani mpaka usoni, na hakupita njia ya kawaida. Alikatiza migombani kwenye mvua. Shemeji yangu alitoka, akasimama mbele yangu, akakosa la kufanya na mikono yake.

"Shemeji, umemwita mama kwa jina," alisema. "Mbele ya watu."

"Sikumwita. Nimeandika."

"Na huyu mtoto kasoma nini?"

 Mke wangu alitoka mwisho. Nilidhani atapiga kelele. Aliongea taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliniambia ningempigia simu kutoka Tanga, nusu dakika. "Siku moja tu ungetulia uniulize," alisema. "Moja tu."

Baadaye shemeji alileta habari kwamba mama yao amekwenda kwa mdogo wake Bungu, na hatarudi nyumbani kwake wakati mimi niko pale. Ni mwanamke mzee, yuko barabarani kwenye matope, ameacha nyumba yake kwa sababu yangu. Sikungoja kuambiwa. Nilichukua shati moja nikashuka Korogwe kwa bodaboda kabla jua halijazama.

Nilikaa Korogwe siku tisa, na sijui kama nilikaa. Nilipanga chumba karibu na stendi. Asubuhi nilikuwa darajani nikiangalia maji ya Pangani yakipita rangi ya chai ya maziwa. Mchana nilikuwa relini, nimefuata mataruma mpaka nyumba zinapoisha, nikarudi. Nilimwuliza fundi viatu anavyopata nyuzi, nilimwuliza muuza machungwa jina la mdudu anayeharibu majani, na nilikuwa nimesahau jibu kabla hajamaliza. Jioni nilimpigia mke wangu. Alikuwa akisema wote wazima, mama bado yuko Bungu, halafu tunabaki kila mmoja na simu sikioni.

Siku ya sita niliondoka. Basi la Moshi lilikuwa linaita abiria, nikapanda, kama nilivyopanda lile lori. Nilijua ninachofanya. Maisha yangu yote nimefanya hivyo: pakiharibika, natembea. Nilikuwa na hesabu nzuri kichwani, kwamba nikikaa mbali miezi kadhaa mambo yatapoa yenyewe, mama mkwe atarudi kwake, mke wangu atarudi kazini, nami nitarudi na zawadi. Tulifika Mombo, basi likasimama watu wale nyama. Nilishuka. Nilimtazama mama mmoja akimlisha mtoto ndizi, nikafikiri kwamba hesabu yangu ilikuwa na kosa moja tu. Mama mkwe ni mzee, hawezi kungoja miezi yangu. Mimi nina tabia ya kurudi, lakini nikirudi huenda nisimkute. Basi likapiga honi. Kondakta aliniita mara mbili, mara ya tatu akanitukana kidogo, likaondoka. Nikavuka barabara kungoja la kurudi Korogwe.

Usiku huohuo nilimpigia dada yangu mkubwa Handeni. Nilikuwa nimemkwepa kwa sababu najua ulimi wake. Nilimweleza yote. 

"Wewe tangu mdogo mikono yako haitulii," alisema. "Ulifungua saa ya baba uone kinachopiga. Sasa umemfungua mama wa watu."

Lakini alikuja, kesho yake, na doti ya kanga aliyoichagua mwenyewe, akasema yangu niliyonunua ina maneno ya kijinga. Alikuwa ameshaongea na shemeji. Walikuwa wamekubaliana kwamba mama atarudi nyumbani kwake kwanza, ajue ninakuja, na kwamba sitakwenda peke yangu. Atakayesema ni dada. Mimi nitakuwapo ili nionekane nimekuja, basi. Siku ya tisa, njiani kupanda Dindira, aliuliza swali moja tu, kama ndani ya kitabu kuna mwingine niliyemtaja. Nikamwambia hapana. "Shukuru," alisema.

Tulikuta mama mkwe yuko ndani, mlango umerudishwa nusu. Mimi nilikaa chini ukumbini, nje, kichwa chini. Dada alikaa kizingitini, akasalimia kwa Kizigua naye akajibiwa kwa Kisambaa, wakaulizana mvua, mahindi, miguu, waliokufa. Ilichukua muda mrefu. Halafu dada akasema kwamba kijana wao amekosa, na hakukosa kwa dharau, amekosa kwa ujuaji, na kwamba huo ni ugonjwa wake, kaugua tangu utoto na wamekosa dawa. Akasukuma kanga ndani.

 Nilisikia kanga ikikunjuliwa, ikikunjwa. Mama mkwe hakumjibu dada. Alimwita mjukuu wake.

"Mke mwenzangu. Waambie nimepokea."

"Amepokea," binti yangu alisema, ingawa wote tulikuwa tumesikia.

Dada akauliza kuhusu vitabu. Alisema vilivyobaki vinaweza kuchomwa moto, mwenyewe atasimamia. Nilishika vidole vyangu. Nilijua nikifungua mdomo nimekwisha.

"Hadithi zina kosa gani?" alisema mama mkwe. "Afute hapo tu."

"Na waliokwisha kusoma, mama?"

"Hao nitawafuta macho?"

Shemeji alicheka kabla ya kujizuia. Hilo lilinipa moyo. Nikafanya kosa, au labda halikuwa kosa: nilimwambia binti yangu, kwa sauti yetu ile ya jikoni, amwulize bibi kama ataendelea kusimulia. Dada alinigeukia kwa macho ambayo nayakumbuka tangu ile saa ya baba.

 Mama mkwe alijibu kama mtu aliyekuwa ameshaamua tangu Bungu.

"Mwambie nitasema. Lakini utaandika wewe. Na yeye asikae ukutani. Mtu akikaa ukutani muda mrefu anasahau kwamba ni ukuta."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku mbili nzima nilikaa chini ya upenu wa nyumba kubwa na nakala zilizobaki, nikifuta mstari mmoja kwa kalamu nene nyeusi. Wino ulipenya. Ukifungua kitabu hicho leo utaona kwenye ukurasa unaofuata, katikati ya sungura na chui, kivuli cha mstari, na watoto wa shule hufikiri ni kosa la mchapaji. Zilizouzwa Korogwe na Handeni zimebaki huko zilipo. Nimewahi kuomba kuzinunua tena. Mwenye duka mmoja aliniambia ameuza kwa mwalimu, mwalimu kahamia Kilindi, nikaona hata mimi siwezi kuifuata kila nakala.

Na kila alasiri, maharage yakiletwa, naondoka. Ndio utaratibu tangu mwaka ule, na mwaka jana, na mwaka huu. Mke wangu ananitazama tu, nachukua koti. Maisha yangu yote watu wamenisihi nikae chini, na mahali pekee ambapo ningetaka kukaa ndipo ninapoamriwa kutembea. Napanda njia ya mashamba ya chai mpaka kwenye kona. Wachumaji wameshanizoea, wananiuliza naenda wapi, nasema natembea tu, nao wanasema leo nimechelewa au nimewahi. Kutoka pale kwenye kona jiko linaonekana, dogo, na moshi wake.

Binti yangu sasa yuko kidato cha kwanza. Ana daftari mbili zimejaa na ya tatu imefika katikati. Mwaka jana aliniruhusu kusoma ukurasa mmoja, akiwa ameushika yeye. Anaandika kwa sentensi fupi kuliko zangu. Anaacha mambo ambayo mimi ningeyauliza mara tatu, na ameweka mengine ambayo najua bibi yake asingeyasema kama ningekuwa nyuma ya ukuta: uchungu wa kujifungua, na alivyomchukia mumewe mwaka wa kwanza, na lini alianza kumpenda. Nilimwonyesha mahali ambapo ningebadilisha neno. Akafunga daftari. Alisema bibi amesema nisome nikitaka, ila kalamu yangu isifike humo.

Juzi, siku ya mwisho kabla hatujashuka, mvua ilikatika mapema na hewa ikawa nyepesi. Nikiwa kwenye kona nikawasikia wanacheka wote watatu, mama mkwe, mke wangu na binti yangu. Kicheko kilipanda mlimani kizima, lakini maneno yaliyokileta hayakufika. Nilisimama. Miguu ilitaka kushuka hatua ishirini tu, mpaka kwenye mgomba wa kwanza, ambapo pengine ningesikia. Mchumaji mmoja aliinua kichwa akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Nikamwambia hapana. Nikafunga koti, nikaendelea kupanda, kwa sababu maharage yalikuwa hayajaisha.